Mpui hadi Lusaka: ramani yasema jirani, tiketi yasema Dar

Kutoka uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, hadi ule wa Lusaka ni takriban kilomita 885 ukikata anga moja kwa moja. Ndege ya pangaboi ingezimaliza kwa saa mbili hivi. Lakini mfanyabiashara wa maharage wa Mpui, mkoani Rukwa, anayetaka kuruka hupitishwa Dar es Salaam: karibu kilomita 690 kuelekea mashariki, kisha kama 1,500 kurudi magharibi. Jumla ni karibu mara mbili na nusu ya safari yenyewe. Na kabla ya hapo ana zaidi ya kilomita 200 za lami hadi Songwe, akipita Tunduma, ambako anaiona Nakonde ng'ambo ya mpaka, anaiacha, anakwenda kuifuata Zambia kwa kupitia Bahari ya Hindi.

Ratiba nazo zinataka macho. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo tiketi ikionyesha kuondoka Dar saa 4:00 asubuhi na kufika saa 5:30, ujue ni mwendo wa saa mbili na nusu.

Mnunuzi mmoja wa mazao wa Mpui, aliyeomba jina lake lisitajwe, anasema mzigo wake haujawahi kuhitaji ndege. Gunia la maharage linapanda Fuso hadi Tunduma, na bei yake haiwezi kubeba nauli ya angani. Anayehitaji ndege ni mwenye mzigo, kwa ajili ya kufuata malipo. Mteja wa ng'ambo hutanguliza nusu. Nusu ya pili huahidiwa "tukishauza", na simu ikipokelewa inajibiwa kwa kesho. Kufuata deni kwa basi kutoka Nakonde ni kilomita zipatazo 1,000; kwa ndege, nauli na kulala Dar vinakula faida ya magunia kadhaa. Na akiondoka msimu wa mavuno, wenzake wanabaki wakikusanya mzigo kwa wakulima. Mwishowe anamwachia dalali wa Tunduma, ambaye anakata chake na kuijua bei ya Lusaka kabla yake.

Maofisa wanasema kuboreshwa kwa uwanja wa Sumbawanga kutaifungua Rukwa kwa majirani. Kwa ramani, wako sahihi: Mbala iko kama kilomita 100 tu, Kasama kama 250. Ila uwanja wa Mbala ni wa jeshi, na mruko mfupi namna hiyo haulipi mafuta kirahisi. Safari ya kuvuka mpaka inadai uhamiaji, forodha na afya uwanjani, kibali cha nchi ya pili, na abiria wa kujaza viti hata mavuno yakiisha. Songwe, wenye njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita 3, ulifunguliwa 2012, na abiria wa Zambia bado wanazungushwa Dar. Makubaliano ya Yamoussoukro ya 1999, ya kulegeza masharti ya anga ya Afrika, hayajaonekana kwenye njia hii.

Huenda barabara ya Matai hadi Kasesya, kwenye mpaka wa Zambia, ikawafaa wa Mpui mapema zaidi. Ndege za Sumbawanga, kwa kadiri zitakavyokuwepo, zina kila dalili ya kuelekea Dar. Zitawaondolea safari ya Songwe. Deni la Lusaka litaendelea kufuatwa kwa basi.