Kifaransa: Sikio litangulie jicho

Mnunuzi kutoka Ufaransa amesimama mbele ya kibanda cha vyondo katika soko la Kariokor, Nairobi, na kuuliza bei. Muuzaji, ambaye amejifunza Kifaransa kwa miezi kadhaa, anakusudia kumjibu kuwa ni yuro kumi na mbili, "douze euros". Irabu moja ikimteleza, mnunuzi atasikia "deux euros", yaani yuro mbili.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini hatari yake ni ya kweli. Maneno hayo mawili yakitamkwa mbele ya "euros" hutofautiana kwa sauti moja tu. Mwanafunzi anayekusanya msamiati bila kushughulikia matamshi huweza kujua mengi na bado asieleweke.

Wataalamu wa isimu huligawa somo la sauti katika matawi mawili. Fonetiki huchunguza jinsi sauti zinavyotolewa kwa ulimi, midomo, kaakaa, pua na koo. Fonolojia huchunguza kazi ya sauti hizo katika lugha mahususi: ni tofauti zipi zinazobadilisha maana na zipi zisizoibadilisha. Mathalan, anayetamka r ya Kifaransa kwa ncha ya ulimi, kama afanyavyo Mswahili, ataeleweka, kwa kuwa hajabadilisha neno. Bali akiigeuza r hiyo kuwa l, "rire" (kucheka) itakuwa "lire" (kusoma).

Kikwazo cha kwanza ni maandishi. Kiswahili kimetuzoesha kutamka tunachokiona. Kifaransa hakitoi ahadi hiyo. "Vert" (kijani), "verre" (bilauri), "ver" (mnyoo) na "vers" (kuelekea) hutamkwa namna moja. Isitoshe, herufi iliyolala huweza kuamka. S ya "les" haisikiki katika "les sacs" (mifuko), lakini katika "les amis" (marafiki) hutamkwa z, kwa sababu neno linalofuata laanza kwa irabu. Ndivyo pia x ya "deux" inavyogeuka z mbele ya "euros", na kulikaribisha neno hilo zaidi na "douze".

Ajabu ni kwamba wakazi wa Kariokor hulitaja funzo hili kila siku. Jina la mtaa huo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliolibebea jeshi la Uingereza mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914-1918), na ambao makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Neno "corps" Waingereza walilikopa kutoka Kifaransa pamoja na ukimya wa p na s zake. Wenyeji nao walilipokea kwa sikio: Nairobi ikapata Kariokor, Dar es Salaam ikapata Kariakoo. Katika majina yote mawili, p na s hazimo.

Kikwazo cha pili ni irabu. Kiswahili kina tano. Kifaransa kina zaidi ya kumi, hata kabla ya kuzihesabu zile za puani. U ya "rue" (barabara) si sawa na ou ya "roue" (gurudumu). Kwa tofauti hiyo hiyo, "dessus" ni juu na "dessous" ni chini. Ou haitusumbui, kwani ni u yetu. Ili kuipata u ya Kifaransa, tamka i, kisha viringa midomo kana kwamba wataka kutamka u, lakini ulimi usisogee hata kidogo. Kwa irabu ya "deux", anza na e, ulimi utulie, halafu viringa midomo kama unayetamka o.

Irabu za puani nazo hutuponza kwa sababu tumezoea kuzimalizia kwa konsonanti. Wengi husema "bong'" badala ya "bon" (-ema). Katika neno hilo pumzi hupita puani na kinywani kwa pamoja, na ulimi haugusi kaakaa mwishoni. Jipime kwa kubana pua huku ukiivuta irabu hiyo: sauti isipobadilika, hukuipitisha puani.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Nairobi haanzi mikono mitupu. Gh ya "lugha" na "ghali", ikitamkwa kama wafanyavyo watu wa pwani, imo jirani na r ya Kifaransa, ambayo hutolewa nyuma kidogo zaidi, penye kilimi. Kh ya "kheri" hukaribia r ya "trois" (tatu). Anayezungumza Gikuyu anazo tayari é na è, maana irabu yake iandikwayo ĩ hukaribia ya kwanza, na e yake hukaribia ya pili. Kinachobaki kuhamishwa ni mkazo: Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kifaransa huuweka kwenye silabi ya mwisho ya fungu la maneno.

Haja ya kujifunza hivyo inazidi kukua. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, ikizikuta Burundi na Rwanda, ambako pia Kifaransa hutumika. Katika mitihani ya DELF, kusikiliza na kuzungumza hupimwa kando ya kusoma na kuandika.

Basi kabla ya kufungua kitabu, sikiliza sentensi mara tatu, irudie kwa sauti, jirekodi kwa simu, ujilinganishe na mzungumzaji. Ndipo uangalie jinsi inavyoandikwa. Na muuzaji wetu wa vyondo, akiisha kuzitenga "deux" na "douze" kinywani mwake, atakuwa ameokoa yuro kumi kwa kila kiondo.