Tanga la Kichina katika Mashua za Kisasa

Tanga husifiwa kwa namna linavyoshika upepo. Lakini baharia aliyekwisha kupatwa na dhoruba usiku anaijua sifa nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni namna tanga linavyoshuka. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wenye mashua za safari huko Ulaya na Marekani wameyaacha matanga waliyoyazoea na kuchukua tanga la Kichina, lililotumika katika merikebu za Wachina kwa karne nyingi. Yafaa wanachama, hasa wa vyama vya uvuvi na uchukuzi wa baharini, wafahamu lilivyo, pamoja na faida na kasoro zake.

Jinsi lilivyo

Tanga hili hugawanywa vipande kwa papi ndefu zinazolala kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Juu kabisa hufungwa kwenye foromali. Katika ukingo wa nyuma, papi hufungwa kamba ndogo, na kamba hizo huunganishwa na demani moja. Sehemu ndogo ya tanga hukaa mbele ya mlingoti, na sehemu kubwa nyuma yake. Mlingoti nao kwa kawaida husimama peke yake bila nyaya za kuushikilia, kwa kuwa hupita katika sitaha na mguu wake hukita chini, juu ya mkuku.

Upepo ukizidi, baharia hulegeza henza tu. Tanga hushuka kwa uzito wake, na vipande vya chini hukunjamana kimoja juu ya kingine, vikipokewa na kamba zilizotegwa pande zote mbili. Upepo ukitulia, huvuta henza na tanga hupanda tena. Katika jahazi za pwani yetu, kwa kulinganisha, kupunguza tanga ni kazi ya watu kadhaa: hapana budi foromali nzima ishushwe, na mara nyingi lifungwe tanga jingine dogo.

Mfano wa Jester

Aliyelitangaza zaidi tanga hili katika Uingereza ni Blondie Hasler, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini. Alilifunga katika mashua yake Jester, yenye urefu wa futi 25 hivi. Kamba zote aliziongoza hadi kwenye tundu la sitaha, akaweza kupandisha na kushusha tanga akiwa amesimama ndani, bila kutoka nje penye mawimbi.

Mwaka 1960 mabaharia watano walishindana kuvuka Bahari ya Atlantiki kutoka Plymouth hadi New York, kila mmoja peke yake. Francis Chichester, mwenye mashua ya futi karibu 40, alifika wa kwanza kwa siku 40. Hasler alifuata kwa siku 48, ingawa chombo chake kilikuwa kidogo zaidi. Mashindano hayo hayakuthibitisha kwamba tanga la Kichina lina mbio kuliko mengine. Yalionyesha kwamba mtu mmoja aweza kulimudu katika bahari kubwa.

Faida na kasoro

Kwa kuwa mzigo wa upepo hugawanywa katika papi nyingi, kitambaa hakihitaji kuwa cha bei kubwa, na kikichanika mpasuko aghalabu hukomea kwenye papi iliyo karibu. Aidha, upepo ukitoka nyuma na tanga likavuka upande wa pili, ile sehemu iliyo mbele ya mlingoti hupunguza kishindo.

Kasoro nazo zipo. Tanga lililo bapa ni dhaifu katika kubisha, hasa upepo ukiwa mdogo. Mafundi wa siku hizi hupunguza kasoro hiyo kwa kushona kila kipande kiwe na tumbo kidogo. Kamba ni nyingi, nazo hulika zinaposuguana. Mlingoti usio na nyaya lazima uwe imara sana, na mahali unapopita katika sitaha pakazwe barabara.

Tena tanga peke yake haliokoi chombo. Mike Richey, aliyeinunua Jester mwaka 1964, aliisafiria kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1988 ilipotea katika Atlantiki kwa sababu ya dhoruba. Richey, aliyekwisha kufikia miaka 70, aliokolewa.

Funzo kwa vyama

Si shabaha ya makala haya kuvishauri vyama vitupe matanga yaliyojengwa na ujuzi wa wazee. Shabaha ni kipimo. Pendekezo la kununua au kubadilisha tanga la chombo cha chama likifika mezani, katibu na aulize mambo matatu kabla ya fedha za wanachama kutoka: Je, tanga hilo laweza kupunguzwa na watu wangapi, tena usiku? Fundi wa hapa aweza kulitengeneza kwa vifaa vinavyopatikana hapa? Mlingoti na mwili wa chombo vyaweza kuhimili? Majibu yakiridhisha, lijaribiwe kwanza katika chombo kimoja, na gharama na matengenezo yaandikwe kitabuni. Hasara ya mbio kidogo yaweza kufidiwa safari ijayo. Mwanachama aliyetupwa baharini akipunguza tanga hafidiwi.