Shamba lako liko pembezoni mwa msitu? Jihadhari na mitego

Ndugu wakulima vijana, wengi wenu mnalima viazi na parachichi kule juu, ukingoni mwa Mlima Rungwe. Ule msitu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, na ndiko alikoonekana kipunji mwaka 2003. Kuwinda humo hairuhusiwi, kwa hiyo wanaowinda wanajificha. Hakuna kibao cha kukuonya. Unakutana na waya tu.

Kabla hujatuma vibarua, waambie haya:

1. Pita njia iliyozoeleka, mchana, mkiwa wawili au zaidi. Vaeni nguo za rangi kali na mwongee kwa sauti.
2. Kijiti kilichopindwa, waya au majani yaliyofunika ardhi kwa mpangilio ni dalili ya mtego au shimo. Usiguse. Toa taarifa serikali ya kijiji au kwa TFS.
3. Ukinaswa mguu, usivute, maana kitanzi kinazidi kukaza. Rudi upande waya ulikofungwa, ukilegea ndipo ufungue.
4. Mbwa wa wawindaji wakikujia, usikimbie. Wakikung'ata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, huponi.

Na wewe usitege nguruwe pori shambani. Mtego haujui nguruwe wala kibarua. Akisumbua, mwone ofisa wanyamapori wa wilaya.