Kaliba gani kwa kulungu? Jibu langu kutoka Mukurweini

Kila nishukapo Mombasa kwa likizo, hapakosi mtu wa kuniuliza habari za bunduki. Wanajua nakaa Mukurweini, kaunti ya Nyeri, na kwa watu wengi wa pwani bara bado ni mwitu mtupu, wanyama wamesimama wakingoja kupigwa. Safari hii muulizaji alikuwa mpwa wangu, ambaye amekesha akitazama video za Wamarekani wakiwinda. "Mjomba, kwa kulungu wa huko kwenu, kaliba gani ndiyo nzuri?"

Nimeona nimjibu hapa hadharani, kwani najua si yeye peke yake. Swali lake lina mambo matatu ndani: mnyama, risasi na sheria. Ukilijua moja ukayaacha mawili, waweza kuishia jela, au ukampeleka jirani kaburini.

Tuanze na mnyama. Kulungu wa kwenye video hizo ana pembe zenye matawi, nazo hudondoka kila mwaka zikaota upya. Katika bara zima la Afrika, mnyama wa asili wa jamii hiyo yuko kaskazini tu, kule Algeria na Tunisia. Sisi Afrika Mashariki tuna swala na ndugu zake, ambao pembe zao haziondoki maisha. Wa karibu zaidi naye huku Nyeri ni pongo, ambaye watu wengi humwita kulungu vilevile. Hukaa vichakani na kandokando ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Dume lake lina kilo 40 hadi 80, kwa hivyo hesabu ya risasi haipishani sana na ya kulungu wa kiasi wa Ulaya au Marekani.

Sasa kaliba. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, na huandikwa kwa inchi au kwa milimita. Ukisikia .270, maana yake ni sehemu 270 katika 1,000 za inchi, karibu milimita 7. Lakini namba peke yake haikwambii nguvu ya bunduki. Chukua .308 na .30-06. Risasi zake zina upana mmoja, ila ganda la .30-06 ni refu zaidi na hubeba baruti nyingi zaidi. Hiyo "06" ni mwaka 1906, ilipoanza kutumika katika jeshi la Marekani. Ni kama mashua mbili za upana mmoja, moja ikafungwa injini kubwa kuliko nyenzake.

Nguvu ya risasi hutokana na uzito wake na kasi yake, na kasi ndiyo yenye uzito katika hesabu: ukiizidisha mara mbili, nguvu hupanda mara nne. Nguvu hiyo hupimwa kwa juli. Hizi hapa ni hesabu za kukadiria, risasi inapotoka mdomoni mwa bunduki:

- .22 ndogo: gramu 2.6, juli kama 190.
- .243: gramu 6.5, juli kama 2,600.
- .303 ya Waingereza: gramu 11.3, juli kama 3,100.
- .270: gramu 8.4, juli kama 3,600.
- .375: gramu 19.4, juli kama 5,700.

Kwa mnyama wa kilo 40 hadi 80, wawindaji wenye uzoefu huchagua kati ya .243 na .30-06. Chini ya hapo ni ukatili. Risasi ya .22 hupenya, lakini mnyama hukimbia nayo, akaenda kufa polepole kichakani, na hata nyama yake hakuna aipataye. Juu ya hapo nako kuna hasara. .375 imekusudiwa nyati na tembo, na teke lake ni zito. Mtu asiyeizoea hufumba macho kabla ya kufyatua, na aliyefumba macho hapigi kitu. Bora .243 kwa mkono uliotulia kuliko .375 kwa mkono unaotetemeka.

Aina ya risasi nayo ni muhimu. Ya swala huwa na ncha laini inayopanuka ikigonga mwili, ikaua upesi. Ile ngumu isiyopanuka ni ya wanyama wenye ngozi nene na mifupa mizito. Ukimpiga pongo kwa risasi ngumu, yaweza kupita upande wa pili bila kumwangusha. Mahali pa kulenga ni nyuma ya bega, penye moyo na mapafu. Mtaalamu yeyote wa kazi hii atakwambia kwamba mahali pa kupiga huamua zaidi kuliko kaliba.

Nyeri yenyewe ina ushahidi wa jambo hilo. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa India, alihamia Nyeri mwaka 1947, na kaburi lake liko hapa tangu Aprili 1955. Bunduki iliyompa sifa ni .275 ya Rigby, aliyozawadiwa baada ya kumuua simba-marara jike wa Champawat mwaka 1907, mnyama aliyesemwa kuua watu 436. Kaliba hiyo leo wengi wangeiona ndogo kwa simba-marara. Theodore Roosevelt naye, aliyeteremka bandarini kwetu Mombasa Aprili 1909, alisafiri na shehena ya bunduki: .30 ya kijeshi kwa swala, .405 kwa simba, na ya mitutu miwili, nzito zaidi, kwa tembo na vifaru. Alifika hadi miteremko ya Mlima Kenya kuwinda tembo, akitegemea wapagazi ambao wengi walikuwa Waswahili.

Ipo historia nyingine ya bunduki huku ambayo wazee huisimulia kwa sauti ya chini. Wakati wa Mau Mau, mafundi walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira ya baiskeli. Tundu la bomba halikulingana sawasawa na risasi iliyotiwa ndani, na mara nyingine bunduki ilipasuka usoni mwa aliyeishika. Mafunzo ya kaliba yote yamo humo. Risasi isiyolingana na namba iliyochorwa kwenye mtutu haimtambui mwenyewe wala adui.

Nije kwenye sheria, ambayo video hazikuonyeshi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeendelea kukataza, iwe kwa mchezo, kwa kitoweo au kwa biashara ya nyama. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada ambao wapinzani wake walisema ungefungua tena mlango huo. Rais Kibaki, mtu wa Othaya hapa jirani na Mukurweini, alikataa kuutia saini. Cheti cha kumiliki bunduki, hata ukipewa kihalali na Bodi ya Leseni za Silaha, si ruhusa ya kumpiga pongo. Hivyo jibu la mpwa wangu kwa upande wa Kenya ni fupi: hakuna kaliba.

Nami naiunga mkono sheria hiyo, ingawa majirani zangu wana malalamiko ya haki. Mzee mmoja tunayepakana mashamba aliniambia, "Wewe mtu wa Mombasa, maharagwe yangu yakiliwa, nitakula sheria?" Sina jibu jepesi la kumpa. Lakini namwomba mtu aje asimame juu ya kilima chochote cha Mukurweini atazame. Ni matuta juu ya matuta, kahawa, chai, migomba na ng'ombe wa maziwa, na katikati ya kila shamba pana nyumba. Risasi ya .22, hiyo ndogo tunayoidharau, yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ya .30-06 huweza kupita kilomita nne. Anayefyatua hapa akamkosa mnyama, risasi yake itatua ng'ambo ya bonde, penye mama anayechuma chai au watoto watokao shule. Mwindaji wa Marekani hufundishwa kutazama kilicho nyuma ya mnyama kabla ya kufyatua. Hapa nyuma ya mnyama pana mtu.

Mkulima aliyepata hasara na apige ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, mapema, na picha za uharibifu azihifadhi. Uzio, mbwa na zamu za usiku vinachosha, nakubali. Lakini havivuki bonde.

Kwa wale wenye hamu kweli, ziko nchi zinazoruhusu. Jirani zetu Tanzania waliufunga uwindaji mwaka 1973 wakaurudisha 1978, na leo hufanywa kwa vibali vya serikali katika maeneo yaliyotengwa. Tangu 2020 kuna kanuni za bucha za nyamapori, kwa hivyo anayetamani nyama ya swala aweza kuinunua dukani bila kugusa bunduki. Na nyinyi jamaa zetu mlio Uingereza, mkialikwa kuwinda, jueni sheria ya huko ya 1991: kwa kulungu wengi, bunduki isipungue kaliba .240, na nguvu isipungue kama juli 2,300. Hiyo .243 hupita hapo kwa nafasi ndogo, nayo ndiyo ningemshauri mwanafunzi aanze nayo.

Kwa Waislamu, lipo la ziada. Jina la Mwenyezi Mungu hutajwa wakati wa kufyatua, na mnyama akikutwa hai huchinjwa. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya aliyekufa kwa risasi kabla ya kufikiwa, basi muulize shehe wako kabla ya safari, usingoje nyama iwe sahanini.

Mpwa wangu aliniuliza namba, nami nimempa: .243 kwa anayejifunza, .270 au .308 kwa aliyekomaa, na yote hayo nje ya mipaka ya Kenya. Akija Mukurweini, nitampeleka kuwatazama pongo ukingoni mwa msitu jua linapochwa. Kwa kazi hiyo darubini inatosha.