Je, Wajua? Ngoma Iliyolinda Kivuli cha Ukambani

Je, wajua kwamba huko Kitui na Makueni, nchini Kenya, muziki umesaidia miti kubaki imesimama? Kilumi, ngoma kongwe ya Wakamba inayoongozwa hasa na wanawake wazee, ilichezwa pia kuomba mvua, na maombi hayo yalikuwa na mahali pake: ithembo, kichaka kitakatifu chenye mikuyu na miumo (miti ya jamii ya mkuyu) mikubwa. Mti wa ithembo haukukatwa ovyo. Gerhard Lindblom, mtafiti kutoka Uswidi, alivieleza vichaka hivi katika kitabu chake kuhusu Wakamba cha mwaka 1920.

Ngoma hii na kivuli chake vinaweza pia kuwa burudani ya kupumzikia nje. Wapo watakaosema kwamba kilumi ni ibada, si burudani. Ni kweli ilikuwa ibada, na yafaa iheshimiwe hivyo. Lakini ngozi ya ngoma ikipigwa kwa viganja, waimbaji wakipokezana na kiongozi wao, utamu wa sauti hauondoki kwa sababu kuna sala ndani yake. Wengine watasema imani ya ithembo imefifia, makanisa yamejaa. Hata hivyo, katika eneo hili kame ambako miti mingi huishia kuwa makaa, mkuyu mkubwa hauzeeki bila watu kukubaliana kuuacha. Kaunti zikipanga bustani za mapumziko, zingewauliza kwanza wazee ni vichaka gani vilivyosalia, kabla ya kupanda nyasi zitakazokauka ifikapo Septemba.