Ushirikishaji wa Vikao vya Watumiaji katika Klasta za Seva za Java: Ulinganisho wa Mbinu Tatu

1.0 Utangulizi

Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu: kila ombi linalotumwa na kivinjari huifikia seva kana kwamba ni la kwanza. Ili kuyaunganisha maombi ya mtumiaji mmoja, programu za wavuti zinazoandikwa kwa servleti za Java hutumia kikao, yaani kitu cha aina ya HttpSession kinachotunza taarifa za mtumiaji katika kumbukumbu ya seva. Kivinjari hubeba kitambulisho tu, kwa kawaida ndani ya kidakuzi kiitwacho JSESSIONID. Seva ikizimika ghafla, vikao vilivyomo katika kumbukumbu yake hupotea. Mwanafunzi aliyefika ukurasa wa mwisho wa fomu ya usajili hurudishwa mwanzo, na yote aliyoyajaza huwa hayapo tena.

Kuongeza seva ya pili peke yake hakuliondoi tatizo hilo, kwa kuwa seva ya pili haikifahamu kikao kilichoanzishwa kwenye ya kwanza. Makala haya yanalinganisha mbinu tatu za kukabiliana na hali hiyo kwa kurejelea seva ya Apache Tomcat, kisha yanaonesha kikomo ambacho mbinu zote tatu zinacho.

2.0 Kumrudisha mtumiaji kwenye seva ile ile

Katika mbinu ya kwanza, kigawa mzigo huyapeleka maombi yote ya kikao kimoja kwenye seva moja. Tomcat hurahisisha jambo hili kwa sifa ya jvmRoute, ambayo huambatisha jina la seva mwishoni mwa kitambulisho cha kikao. Mbinu hii ni nyepesi, kwani hakuna data inayonakiliwa. Hata hivyo, inagawa mzigo tu. Haimkingi mtumiaji seva yake inapoanguka. Manufaa yake halisi huonekana inapounganishwa na mbinu ya pili.

3.0 Urudufishaji wa vikao ndani ya klasta

Katika mbinu ya pili, seva hupelekeana nakala za vikao. Masharti yake ni matatu. Kwanza, faili la web.xml liwe na alama ya distributable. Pili, kila kitu kinachowekwa ndani ya kikao kitekeleze kiolesura cha java.io.Serializable, ili kiweze kugeuzwa kuwa mfuatano wa baiti na kusafirishwa. Tatu, mabadiliko yapitie setAttribute. Sharti hili la tatu husahaulika kwa urahisi: mtayarishaji programu akiongeza kipengele katika orodha iliyomo kikaoni bila kuita setAttribute upya, klasta haitambui badiliko hilo, na kosa hubaki limejificha hadi siku seva itakapoanguka.

3.1 Nakala kwa wote au nakala kwa mmoja

DeltaManager hupeleka mabadiliko ya kila kikao kwa seva zote za klasta. BackupManager huyapeleka kwa seva moja tu ya akiba, huku seva nyingine zikijua mahali kikao kilipo. Tofauti yake hudhihirika kwa hesabu. Ichukuliwe kwamba kila seva inahudumia vikao 2,000 vya kilobaiti 50 kila kimoja. Katika klasta ya seva 4, DeltaManager huilazimu kila seva kubeba vikao 8,000, yaani takriban megabaiti 400. Seva zikiwa 8, mzigo huo hufikia megabaiti 800. Kwa BackupManager, kila seva hubeba vikao vyake na wastani wa vingine 2,000 vya akiba, yaani takriban megabaiti 200, hata klasta ikikua. Kwa hiyo DeltaManager inafaa klasta ndogo pekee.

3.2 Kusubiri au kutosubiri

Nakala hutumwa mwishoni mwa ombi. Klasta ikipangwa kutosubiri uthibitisho, mtumiaji hujibiwa haraka, lakini seva ikianguka katika mwanya huo badiliko la mwisho hupotea. Ikipangwa kusubiri, mwanya huo huzibwa kwa gharama ya kuchelewesha kila jibu. Aidha, kwa mipangilio ya kawaida ya Tomcat, seva hutangaza uhai wake kila milisekunde 500, na huhesabiwa kuwa imetoka baada ya kunyamaza kwa milisekunde 3,000. Hivyo kifo cha seva hakijulikani papo hapo.

4.0 Hifadhi ya nje

Katika mbinu ya tatu, vikao huwekwa nje ya seva zote, kwa mfano katika hifadhidata au katika Redis kupitia Spring Session. Seva yoyote huweza kuanguka au kuongezwa bila vikao kuguswa. Gharama yake ni safari ya mtandao kwa maombi yanayohitaji kikao, pamoja na hatari kuhamia kwenye hifadhi yenyewe: isiporudufishwa, kuanguka kwake huwaathiri watumiaji wote kwa pamoja.

5.0 Kikomo cha mbinu zote

Kikao kilichonusurika hakithibitishi kwamba kazi ilikamilika. Seva inaweza kuandika malipo katika hifadhidata kisha ikaanguka kabla ya kunakili kikao. Seva ya akiba humwonesha mtumiaji fomu ambayo bado haijatumwa; naye akiituma tena, hulipa mara mbili. Urudufishaji, hata ule wa kusubiri, hauzuii jambo hili, kwa sababu kikao na hifadhidata havifungwi na muamala mmoja. Kinga yake ni kulipa kila ombi la malipo namba ya pekee inayohifadhiwa pamoja na muamala wenyewe, ili hifadhidata ikatae kuipokea namba hiyo mara ya pili.

6.0 Hitimisho

Klasta ndogo inatoshelezwa na DeltaManager. Inayokua inahitaji BackupManager au hifadhi ya nje. Katika hali zote, kikao kibebe taarifa chache zinazoweza kutengenezwa upya, na mambo yasiyostahili kupotea yaandikwe katika hifadhidata mara yanapotokea. Mfumo unaozingatia kanuni hii hupoteza kidogo seva inapoanguka, mbinu yoyote ya ushirikishaji itakayochaguliwa.