Uigaji wa Uendeshaji wa Reli ya Bububu: Kanuni na Istilahi

Reli ya Bububu, iliyofunguliwa mwaka 1905, ilitoka Ngome Kongwe mjini Unguja hadi Bububu, takriban kilomita 11 kandokando ya pwani. Kuchora moshi na mabehewa yake kwenye kompyuta ni uigizaji tu. Uigaji hushughulikia kanuni: treni ipi iruhusiwe kuingia njiani, na lini.

Ichukuliwe kuwa mwendo ni kilomita 20 kwa saa. Safari huchukua dakika 33. Kwa mapumziko ya dakika 10 kila mwisho, treni moja huondoka mjini kila baada ya dakika 86. Ikibuniwa njia ya kupishania katikati, treni mbili hupokezana kila dakika 43. Ikisogezwa hadi kilomita 4 kutoka mjini, kipande cha kilomita 7 kinachobaki huitawala ratiba nzima: dakika 52.

Katika reli nyingi za njia moja, dereva huingia kwenye kipande akiwa na kifaa maalumu cha ruhusa. Kukiita “tokeni” kunapotosha, kwani kwa mnunuzi wa umeme tokeni ni tarakimu zisizokwisha. “Kijiti”, neno la wanariadha wa kupokezana, linafaa zaidi: kipo kimoja, na asiyekishika hasogei.